Nani Atamkanda Jalila

Usiku ule Mwanatabu alilala na nguo za kutokea. Alijinyoosha kitandani akiwa amejifunga kanga mbili kama mtu wa safari, simu ameiweka kifuani, na kila dakika chache aliibonyeza ili kioo kiwake ahakikishe haijazimika. Binti yake Jalila alishikwa na uchungu tangu alasiri, ng'ambo ya maji, kule Port Reitz alikoolewa. Mimba ya kwanza. Mkwewe Ismail alipiga simu mara moja baada ya magharibi kusema wamefika hospitali na Jalila amepokelewa, akaahidi kupiga tena, kisha kimya.

"Lala, mama Jalila," alisema Mwidani, mumewe, kutoka upande wa ukutani. "Mtoto hazaliwi kwa kutazamiwa simu."

"Lala wewe. Wewe umezaa lini?"

Mwidani akajigeuza. Alikuwa mtu wa minazi yake na muhogo wake, na katika miaka thelathini ya ndoa alikwisha jua maswali ya kujibu na ya kugeukia ukuta.

Hofu ya uzazi wenyewe Mwanatabu hakuwa nayo nyingi. Wazazi, wanawake waliotoka kujifungua, ndio waliokuwa kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita aliwakanda wanawake wa Mtongwe, wa Likoni yote, hata wa kisiwani. Aliletewa mtu kutoka hospitali amelegea kama mboga iliyochemka, akamkalisha kigodani, akamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akamfunga tumbo kwa mkaja, akamnywesha uji wa pilipili manga, na siku ya arobaini mtu huyo akatoka ndani mgongo umenyooka. Watu walisema mikono ya Mwanatabu inaona gizani.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa taa ya Mejumaa.

Mejumaa alikaa nyumba ya pili. Ua wao ulitenganishwa na ukuta wa matofali usiozidi kimo cha mtu. Alipika mahamri na mbaazi, na desturi yake alilala mapema ili aamke saa kumi akaumue unga. Leo taa yake ilikuwa ikiwaka tangu isha. Anangoja nini? Anangoja mtoto wa nani? Mwanatabu alitega sikio mpaka likamuuma, akasikia kikohozi, akasikia kiti kikivutwa, akasikia mlio mdogo wa simu isiyokuwa yake.

Kisha, kabla ya adhana ya alfajiri, kigelegele. Kimoja, kirefu, cha mtu aliyekizuia kooni usiku kucha. Kilitoka upande wa pili wa ukuta.

Mwanatabu alikuwa bado amekaa kitandani mdomo wazi simu yake ilipolia.

"Mama, shikamoo," alisema Ismail.

"Marahaba. Sema."

"Mtoto wa kike, mama. Mama na mwana wote wazima, alhamdulillahi."

Alijua la kusema. Mama yeyote angelijua. Ulimi wake ukatangulia: "Mejumaa mmempigia saa ngapi?"

"Aliyepiga ni Jalila mwenyewe, mama. Mimi nilikuwa nimetoka nje."

Mwanatabu akalimeza hilo kama mtu anayemeza kidonge bila maji. "Haya. Alhamdulillahi. Na kukandwa?"

"Amesema anakuja kukandwa Likoni. Kesho kutwa, inshallah."

Likoni! Neno hilo likamteremka kifuani likampoza. Nani mwingine wa kukanda mtu Likoni kama si yeye? Akamtikisa Mwidani, akampa habari zote mbili, mjukuu na kukandwa, na Mwidani akasema angalau sasa watu watalala, ingawa kulikuwa kunakucha.

Kwa siku mbili Mwanatabu hakukaa. Alitoa godoro juani, akapaka chumba cha uani chokaa, akanunua gunia la mkaa, akatwanga tangawizi mpaka nyumba nzima ikapiga chafya. Mwanamke mmoja wa Timbwani alimtumia mtu aende akamkande, akakataa. "Mwambieni safari hii nina mzazi wangu mwenyewe." Kwenye kibanda cha maji akamwambia Kanze, muuzaji maji, kwa sauti iliyofika mbali kuliko ilivyohitajika: "Mwanangu anakuja kwangu. Wengine wapige vigelegele vyao."

Siku ya tatu gari lilikuja kwa barabara ile mpya ya Dongo Kundu. Mwanatabu alisimama mlangoni na chetezo cha udi mkononi. Gari likaja taratibu, likampita, likasimama kwa Mejumaa.

Alidhani dereva amekosea. Akatabasamu hata, akaanza kupunga mkono kumwita. Ndipo akamwona Mejumaa yuko nje, naye ana chetezo, na Ismail anashuka akitazama matairi kama mtu aliyeangusha kitu.

Jalila alishuka polepole. Alikuja mpaka kwa mama yake, hatua chache zile, akamshika mkono akaubusu. "Shikamoo, mama." Akafunua shuka akamwonyesha mtoto, uso mdogo, mwekundu, umekunjamana.

"Chumba chako tayari," Mwanatabu alisema. "Maji yako jikoni."

"Nitakaa kwa somo, mama."

"Kukaa tu, au na kukandwa?"

Jalila alitazama chini. "Na kukandwa."

Somo alikuwa Mejumaa, na hapo hakukuwa na wa kumlaumu Jalila mbele ya watu. Pwani mama hamfundi bintiye. Msichana akivunja ungo huchukuliwa na mwanamke mwingine, akamfunza usafi na sitara na mambo asiyoweza kuyauliza kwa mzazi wake. Huyo ndiye somo wake maisha. Atakuwepo harusini, atakuwepo kwenye uzazi, na akifa ataliliwa kama mama. Lakini wako wasichana chungu nzima wenye somo wao, na wakizaa hurudi kwa mama zao, na somo akaja akaketi pembeni na kupewa kahawa. Tena mama gani huyu! Mwanatabu, ambaye wake za matajiri wamemgombania! Aachwe, achukuliwe muuza mahamri?

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaambia watu kwamba Mejumaa alimwibia mwanawe. Sasa watu wote waliona kwa macho.

Zikaanza siku mbaya. Mejumaa alimkanda Jalila asubuhi baada ya kumaliza mahamri, na jioni baada ya alasiri, na saa hizo mbili Mwanatabu alikuwa uani kwake, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta, anasikiliza.

"Maji yale hayajachemka," alimwambia Mwidani.

"Umeyaona?"

"Nimeyasikia. Maji ya moto yakimwagwa hutoa sauti nzito. Haya yanapiga kelele kama ya kuoshea vyombo."

Mwidani akaendelea kufua nazi yake.

Siku ya nne alishindwa kujizuia. Harufu ya uji ilivuka ukuta, nyembamba, haina nguvu. Akapanda juu ya kinu.

"Mejumaa! Tangawizi hiyo ni kidogo!"

"Pua yako imekuja kuonja?" Mejumaa alijibu bila kuinua kichwa.

"Pua yangu imepika uji wa wazazi mia tatu."

"Basi mia tatu wanatosha, shoga. Huyu mmoja niachie."

Kutoka ndani Mwanatabu alimsikia Jalila anacheka. Hakuwa amekisikia kicheko kile siku nyingi. Kwake Jalila alikuwa mtu wa abee mama, ndiyo mama, nimeshiba mama. Akateremka kinuni taratibu kana kwamba ana miaka themanini.

Na watu nao hawakumwacha. Kwenye maji Kanze alimpokea dumu, akalijaza, akasema kwa upole unaochoma: "Ndiyo hivyo, mwenzangu. Mganga hajigangi."

"Jaza maji, Kanze. Sikuja kununua methali."

"Hiyo nimekupa bure."

Usiku alihesabu kasoro za Mejumaa. Mejumaa hana mtoto wa tumbo lake hata mmoja. Mejumaa vidole vyake ni vifupi, vimezoea unga. Mejumaa hajui pa kugusa ili mji wa uzazi urudi mahali pake. Na bado asubuhi mtoto akilia, yeye ndiye anayesema "njoo kwa bibi". Neno hilo, bibi, lilivuka ukuta likamwingia Mwanatabu ubavuni. Alitamani, Mungu amsamehe, Mejumaa ateguke kidole. Kimoja tu. Kisizidi wiki.

Siku ya nane akamtuma Mwidani.

"Nenda kama mwanamume wa nyumba. Mwambie Jalila mama yake anauliza: kwa nini? Nataka jibu lenye kichwa na miguu."

Mwidani akavaa kofia yake akaenda. Akakawia. Aliporudi alikuwa na makombo ya hamri kwenye ndevu.

"Wamekulisha!"

"Ningekataaje? Nimepakata mjukuu, nimepewa chai."

"Na jibu?"

Mwidani akavua kofia akaikunja, akaikunjua. "Jibu lenyewe halina haja, mama Jalila. Maneno ya mzazi. Mwili haujarudi, kichwa nacho..."

"Mwidani."

"Amesema, mwambie mama mikono yake haiulizi."

"Haiulizi nini?"

"Ndivyo alivyosema. Mikono yako haiulizi. Basi." Akatoka kwenda kutazama minazi, ijapokuwa minazi haikuwa imemwita.

Mwanatabu aliingia jikoni akaketi mbele ya chungu ambacho hakikuwa na kazi. Kwanza alikasirika. Mikono iulize nini? Mikono ni ya kujua! Ndivyo bibi yake alivyomfunza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ameacha shule darasa la tano, hana analolijua duniani ila kupalilia muhogo, na bibi yake, aliyekuwa mkandaji kabla yake, alimshika viganja akaviweka juu ya tumbo la mzazi akamwambia bonyeza, hapa, tena. Tumbo likaitika chini ya vidole vyake kama unga unavyoitika. Siku zote Mwanatabu aliwahadithia watu kwamba siku ile ndiyo iliyomfanya awe mtu. Kila akiulizwa maisha yake, alianzia hapo.

Lakini leo siku ile haikutaka kukaa mbele. Ikasogea, na nyuma yake ikachomoza nyingine ambayo hakuwa amemhadithia mtu.

Jalila alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwanatabu alikuwa Kizingo, kisiwani, nyumba ya watu wenye nafasi, anamkanda binti yao aliyezaa mapacha. Alilala hukohuko. Siku ya thelathini na saba simu ikalia, Mejumaa.

"Mwanatabu, rudi. Mwanao kavunja ungo. Amejifungia msalani, analia, tumbo linamuuma, hataki mtu. Anakutaka wewe."

Ndiyo. Anakutaka wewe. Maneno hayo yalikuwapo. Kwa miaka kumi na mmoja aliyafunika, na sasa yalikuwa wazi kama mfupa sahanini.

Naye alijibu nini? "Zimebaki siku tatu. Siwezi kuacha arobaini ya watu njiani. Mshike wewe, nitakuja."

Hakukuwa na kizuizi. Feri ilikuwa inavuka. Mapacha wale na mama yao wangelala usiku mmoja bila yeye, na asubuhi angekuwa amerudi. Alikaa kwa sababu bibi wa nyumba ile, mwanamke msomi, mwenye gari lake, alikuwa akimwita "mama" na kumpisha kwenye zulia, na siku ya arobaini kulikuwa na karamu ambapo yeye angesimamishwa asifiwe mbele ya wageni. Akasimamishwa. Akasifiwa. Na siku ile ya simu Mejumaa alikuwa anabisha mlango wa msala, anabembeleza.

Na si hilo tu. Hilo pengine lingesameheka. Aliporudi, alimkuta Jalila kwa Mejumaa, ameketi kitandani amefungwa kanga mpya, ameshatulia, anachambua mbaazi. Alipomwona mtoto ametulia mikononi mwa mwingine, kitu kikamwaka. Hakumuuliza hali. Hakumwambia pole. Alimlaza palepale, mbele ya Mejumaa, ili Mejumaa aone mikono ni ya nani, akamkanda lile tumbo dogo kwa nguvu zilezile za kumkandia mama wa mapacha.

"Mama, basi."

"Nyamaza. Ndiyo dawa."

"Mama, yaumiza."

"Watu wamezaa mapacha hawalii, wewe unalia nini?"

Mejumaa aligeuza uso akatazama dirisha. Na Jalila alinyamaza kweli. Tangu siku ile hakumwambia tena mama yake kinachomuuma. Si alipofeli mtihani, si alipochumbiwa, si mimba ilipomsumbua. Nimeshiba mama. Niko sawa mama.

Jikoni jivu lilikuwa limepoa. Mwanatabu aliviangalia viganja vyake, vipana, vya kumetameta kwa mafuta ya miaka mingi.

"Hakuiba," alisema.

"Nani?" Mwidani aliuliza toka uani, amerudi kutoka minazini.

"Lala."

"Saa tisa mchana?"

Msidhani kijicho kilimtoka. Hapana. Kesho yake asubuhi alisikia maji yakimwagwa, na moyo ukasema hayajachemka hayo. Alisikia "njoo kwa bibi" na ubavu ukamchoma palepale. Mtu akigundua kwamba mlango ameufunga yeye mwenyewe haina maana atafurahi kumwona mwingine ndani. Ila sasa hakuweza kuegemea ukuta. Kila akiegemea aliona aibu, kana kwamba ukuta unajua.

Alasiri alijitanda, akaacha chungu, akaacha mafuta, akaacha mfuko wa tangawizi. Akapita mbele, kwa mlango wa barabarani, ambao hakuwa ameubisha tangu gari lile liliposimama pale. Kanze alikuwa anapita na mkokoteni wa madumu. Alipomwona akapunguza mwendo, kisha akasimama kabisa akajifanya anakaza kamba.

"Hodi."

"Nani?" Sauti ya Mejumaa, ndani kidogo.

"Mimi Mwanatabu."

"Umekuja kukagua maji?"

"Nimekuja kusema."

"Sema. Nasikia."

Mlango ulikuwa wa mbao nzito, rangi ya kijani imebabuka. Mwanatabu alitazama nyuma. Kanze alikuwa bado anakaza kamba ileile. Angeweza kungoja mpaka apite. Angeweza kusema kwa sauti ndogo kwenye ufa. Lakini uwongo ule aliueneza kwenye kibanda cha maji, kwa sauti ya kufika mbali.

"Siku ile ulinipigia Kizingo," alisema. "Uliniambia nirudi, mtoto ananitaka. Mimi ndimi niliyekwambia umshike. Mimi! Sikurudi kwa sababu watu walikuwa wananiita mama. Na nimewaambia watu miaka kumi na mmoja kwamba uliniibia. Jalila, unanisikia? Somo wako hakuniibia kitu. Nilikuacha mwenyewe. Halafu nikaja nikakuumiza ili nimwonyeshe yeye."

Nyuma yake mkokoteni haukutikisika. Kanze alikuwa ameiachia kamba.

Mwanatabu alipangusa uso kwa ncha ya mtandio. Alidhani akishasema atajisikia mwepesi, akajikuta amesimama tu, mwanamke mzima, juani, mbele ya nyumba ya jirani.

"Na kijicho bado ninacho," akaongeza, maana aliona asipolisema na hilo atakuwa ameanza uwongo mwingine. "Sikudanganyi, Mejumaa. Ningali nacho."

"Najua," Mejumaa alijibu. "Nakusikia unavyohema hapo ukutani asubuhi na jioni."

Kisha mnong'ono. Sauti mbili, moja ya Mejumaa, moja ya Jalila, zinashauriana kwa lugha ya watu waliozoeana, nusu maneno, nusu miguno. Hata mnong'ono ule Mwanatabu aliuonea wivu. Alisikia mtoto akikohoa, akabembelezwa. Alisikia Mejumaa akisema, "Kaa, nitakwenda mimi, wewe hujatimiza siku za kusimama-simama." Alisikia kitanda kikilia. Hatua zikaja, nyepesi, za kuburura, zikasimama upande wa pili wa mbao, karibu kiasi cha kusikia pumzi.

"Mama," alisema Jalila nyuma ya mlango.

"Abee," akajibu Mwanatabu, yeye mama, kama mtoto aliyeitwa.

"Hutanishika?"

"Sitakushika."

"Hata ukiona somo anakosea?"

Mwanatabu alifumba macho. Hilo lilikuwa zito kuliko yote aliyokwisha sema barabarani. "Nitakaa kimya," alisema. "Nitajaribu. Nikishindwa mnitoe."

Nyuma ya mlango mtu akacheka kidogo, na safari hii hakujua ni yupi kati yao. Komeo likavutwa. Mbao zikakwaruza sakafu, na Jalila akaonekana, mkono mmoja umeshika ukuta, uso umechoka, nywele hazijasukwa.

"Ingia, mama," alisema, akasogea kumpisha. "Hapo nje kuna jua."